Sala Kabla ya Picha

Muuguzi aliyekaa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi hakuwa mdaku. Masikio yake tu ndiyo yalikuwa karibu. Mshonaji wa mapazia alikuwa akimweleza jirani yake, fundi simu, kwamba soko la mtandaoni limekataa mara mbili picha ya uso wake ya kumthibitisha kuwa muuzaji. Limebaki jaribio moja, na hoteli inayotaka mapazia arobaini kesho hununua kwa waliothibitishwa tu.

Fundi alizitazama picha zilizokataliwa. "Mama, mbona zote umefumba macho?"

"Nilikuwa nasali, mwanangu. Sianzi jambo bila kusali."

"Si usali baadaye?"

"Baadaye ni kushukuru. Hiyo ni sala nyingine."

Muuguzi aliafiki, ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Basi sali macho wazi," fundi akasema. "Mungu haoni haya kutazamwa."

Mshonaji aliinua simu, akakodoa macho kama anayetunga uzi kwenye sindano, midomo ikimcheza. Simu ikatamka: "Tafadhali usizungumze."

"Umesikia? Sasa inanikataza hata kuomba!"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Muuguzi alishuka shingo upande, akaanza kumwombea yule mama, macho wazi, maana alikuwa anavuka barabara.