Sayrakan Abdyldaeva na Seva Iliyozimika Wiki ya Kugawana Maji

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Zamu za Maji ya bonde letu, Bi Sayrakan Abdyldaeva anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili. Aliingia akiwa mpiga taipu, anatoka akiwa fundi wa mitambo yote, na muda wote huo hakuamini kitu kabla ya kukipima. Hata chai ya kantini huinusa kwanza. Kipimajoto cha ukutani alikiletea cha pili, vichungane.

Tabia hiyo ilituudhi sana, hadi ulipofika mwezi wa Aprili miaka sita iliyopita.

Seva ya kumbukumbu, kuukuu kuliko gari la mkurugenzi, ilizimika Jumatatu asubuhi. Ndani ya diski zake nne mlikuwa na rekodi ya kila lango la maji lililofunguliwa kiangazi kilichotangulia. Ijumaa vijiji viwili vilikuwa vikutane kwetu kugawana zamu mpya. Kijiji cha chini kilidai kimeibiwa maji na kile cha juu, miaprikoti yake ikakauka. Sayrakan ni mzaliwa wa kijiji cha juu. Minong’ono ikaanza.

Ugonjwa aliugundua upesi: pawa saplai, kifaa kinachoipa seva umeme, imekufa. Aina ile haitengenezwi tena, kwa hiyo dereva alitumwa sokoni mjini Osh, akarudi na iliyotumika, lebo yake ikiwa mpya kama ya jana. Plagi iliingia barabara. Sayrakan akaichomoa.

“Si imeingia, dada? Washa basi!” alisema mkurugenzi wetu, Bw. Jyrgalbek.

“Hata ufunguo wa jirani ungeweza kuingia mlangoni kwangu,” alijibu. “Ndiyo nimkaribishe?”

Siku hiyo hakuwasha, wala kesho yake. Jumatano Mzee Turdubek, mwakilishi wa kijiji cha chini, aliweka kiti mlangoni mwa karakana, kofia ya sufu magotini.

“Fundi gani huyu, anavuta siku mpaka ziishe?” alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Binti wa watu wa juu. Anafuta rekodi, huyo!”

“Sogeza kiti, mzee wangu,” alisema Sayrakan. “Huko mbali utaona nusu tu.”

Mzee akasogea. Mbele ya macho yake Sayrakan alipima waya mmoja mmoja, akalinganisha na alama za seva. Mpangilio haukufanana: pale diski zilipotaka volti tano, kifaa kile kilikuwa kinaleta kumi na mbili.

“Je, kama ungewasha?” aliuliza mzee.

“Zingeungua zote. Ungerudi kwenu na mikono mitupu, na ungeniita mwizi hadi kaburini.”

Alhamisi alihamisha nyaya, kila moja mahali pake. Kwanza akachomeka diski tupu, akaiacha ifanye kazi saa nzima huku kiganja chake kikiwa juu yake, akipima joto. Ndipo akarudisha zile nne, alizozitia namba kwa rangi ya kucha, kila moja kwenye nafasi yake. Seva ikanguruma.

Alichapisha rekodi bila kumwuliza mtu. Kijiji cha juu kilikuwa kimefungua lango mara kumi na saba nje ya zamu, na mlinzi wa lango alikuwa Asankul, kaka yake wa tumbo moja. Alimkabidhi Mzee Turdubek karatasi, akaenda kunawa mikono. Kijiji cha chini kilipata haki yake. Asankul hakumsemesha dada yake miaka miwili. Sikukuu mbili za Nooruz, mwaka mpya wetu wa machipuko, Sayrakan alizisherehekea hapa kazini, pamoja na mlinzi wa zamu wa ofisi.

Mwandishi wa wasifu huu naye ana lake. Wiki ile nilipewa ufunguo wa akiba, na kila Sayrakan alipokwenda kula, niliingia kuhesabu diski. Siku ya tatu nilikuta kikaratasi juu ya seva: “Bado ni nne. Funga mlango, vumbi linaingia.” Hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Dada Sayrakan, sijawahi kukuomba radhi. Leo nakuomba, mbele ya wafanyakazi wote. Ofisi nzima inakushukuru. Uwe na afya, upumzike kwa raha, na nyumba yako isikose wageni.