Gia Kubwa na Usukani wa Mezani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliokalia matofali chini ya dirisha la duka la kutengeneza simu, na kila mmoja alijua pake. Upande wa ukutani alikaa Gia Kubwa, dereva mstaafu wa malori, mtu mwenye mabega ya kabati na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Katikati alikaa Bi Pindo, fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye kila siku alikuja na shati la kutia vifungo ili asionekane amekuja kupiga soga. Pembeni alikaa Mwalimu Klachi, aliyefundisha udereva kwenye shule yenye gari moja, na gari lenyewe siku hiyo lilikuwa gereji. Mwenye duka, Waya, hakuwa na tabia ya kukaa. Yeye alisimama mlangoni, bisibisi nyuma ya sikio, akimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake. Basi mchana huo, saa tisa hivi, Waya aliingia ndani akatoka amekumbatia kitu cheusi cha mviringo chenye mkia wa nyaya, akakibana kwenye ukingo wa meza ya mlangoni kama mtu anayefunga mashine ya kusagia nyama.

— Huo usukani wa gari gani? akauliza Gia Kubwa.

— Si wa gari, mzee. Wa gemu.

— Gemu gani linataka usukani?

— Mbio za magari. Na si zile za kugongana na kuruka juu ya nyumba. Hili ni la kweli kweli. Tairi zikiwa baridi zinateleza, zikipata joto zinashika. Ndani ya usukani mna mota, gari likipita kwenye tuta mkono wako unalisikia.

— Umeutoa wapi?

— Kuna jamaa alikuwa anahama, hakuwa na pa kuubeba. Nimeufungua, nimeusafisha, nimebadilisha mkanda wa ndani. Unadunda.

Gia Kubwa alicheka mpaka kikombe kikatikisika. Miaka ishirini na tisa alikuwa barabarani, akivuta tela refu kuliko uchochoro ule, na hakuwahi kukwaruza hata kuku. Kisha jicho lake la kushoto likaanza kufa, daktari akaandika barua, kampuni ikasoma barua, na funguo zikarudi mezani. Huo ulikuwa mwaka wa nne. Hakupenda kulizungumzia. Lakini mikono yake haikuwa imepewa barua yoyote. Hata pale benchini ilikuwa ikizungusha kikombe kushoto, kulia, kushoto.

— Niletee hicho kichezeo, akasema. Mzunguko mmoja tu, niwaonyeshe dereva anafananaje.

— Anza na gari dogo, mzee, Waya akamwambia. Kuna hiki cheupe, hakina mbio.

— Mimi na gari dogo wapi na wapi? Nipe lile jekundu lililolala chini.

— Hilo ni kali. Wanaoanza huwa…

— Nani anaanza?

Waya akavuta kiti chake cha ofisini, chenye magurudumu, akaziweka pedeli tatu sakafuni, akawasha skrini iliyokuwa juu ya meza. Gia Kubwa akakaa, akaushika usukani kama aliyekutana na ndugu kituoni. Kwenye skrini taa nyekundu zikawaka, zikazima. Akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, usukani ukatetemeka, Bi Pindo akasahau sindano mdomoni. Kona ya kwanza ikaja mbio, na Gia Kubwa akaikanyaga breki kwa mguu uliozoea kusimamisha tani thelathini.

Gari halikusimama. Kilichoondoka ni kiti. Kilirudi nyuma na mwenyewe juu yake, kikapita mlangoni, kikashuka kizingiti cha saruji na kuja kugota kwenye benchi, katikati ya Bi Pindo na Mwalimu Klachi. Kule mezani gari jekundu likaendelea peke yake, likaingia ukutani kwa heshima zote.

Kisha Bi Pindo akatoa sauti kama birika linalochemka, na wote watatu wakaangua kicheko.

— Umesimama vizuri sana, mzee! Mwalimu Klachi akasema akifuta machozi. Tatizo umeliacha gari mbele.

— Kiti kibovu, Gia Kubwa akasema.

— Mimi nakuambia tatizo. Hukurekebisha vioo kabla ya kuondoka. Mwanafunzi wangu yeyote asiyetazama vioo, lazima apate ajali.

— Vioo vya nini? Hapo nyuma kuna nini zaidi ya benchi?

— Ndiyo maana hukuliona likikujia.

Wakaleta kiti cha mbao cha wateja, kisicho na magurudumu. Gia Kubwa akarudi. Safari hii kiti kilitulia, breki ikashika, na gari jekundu likazunguka kama pia mara tatu, likatulia kwenye majani likitazama lilikotoka. Akajaribu tena. Majani. Mara ya nne likaenda majanini kabla hata ya kona, kwenye mstari ulionyooka, mahali ambapo mtu angeweza kupita amelala.

Benchi likaanza kazi yake.

— Ni hewa, akasema Waya. Mota ya usukani haipendi joto la mchana.

— Ni viatu, akasema Mwalimu Klachi. Hizo ndala zinadanganya mguu.

— Si viatu, akasema Bi Pindo. Usukani umeiogopa mikono yake. Tazama, umekuwa kama sahani ya chai. Hata mimi ningekimbilia majanini.

— Hapana, sasa nimeelewa, Mwalimu Klachi akasema, akasimama kabisa. Hawa watengenezaji si wajinga. Wameweka kitu humo ndani kinachosikiliza. Mtu akijisifu, gari linasikia. Si ulisema utuonyeshe dereva anafananaje? Limekusikia!

— Basi lingekuwa linakusikia wewe, tusingefika hata kwenye taa.

— Kwangu litanyamaza. Mimi linaniogopa, nina cheti.

— Cheti chako na gari lako viko gereji.

— Nasema hivi, Waya akaingilia, macho yamemtoka. Labda gemu limemtambua! Limepima uzito wa mguu, likajua huyu ni mtu wa malori, likamfungia tela nyuma bila kutuonyesha. Hilo gari lina tela, jamani! Ndiyo maana linamzungusha!

Wote wakainama kutazama skrini, wakitafuta tela. Hata Gia Kubwa aliinama, na alipogundua kwamba ameinama, akakasirika.

— Aingie mwingine, akasema.

Mwalimu Klachi akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Waya akasema mwenye duka hachezi saa za kazi. Basi Bi Pindo akaweka shati chini.

— Nipeni hicho cheupe kidogo.

— Bi Pindo, wewe hujawahi kuendesha hata baiskeli, Gia Kubwa akasema.

— Ndiyo maana sina tabia mbaya za kuacha.

Akavua viatu. Akaweka kidole gumba cha mguu juu ya pedeli ya mafuta, polepole, vilevile anavyoikanyaga ya cherehani anaposhona kola, ambapo ukizidisha kidogo tu sindano inapita juu ya kidole. Waya alikuwa amemwashia msaada wa wanaoanza, mstari wa rangi uliochorwa barabarani: kijani kanyaga, nyekundu punguza. Bi Pindo akautazama akatabasamu.

— Kumbe wamechora chaki!

Akaufuata. Kona ya kwanza, taratibu. Ya pili, taratibu. Gari la nyuma likampita likipiga honi, akalipisha akilitakia safari njema. Ya saba, ya nane, na mara mstari wa kumalizia ukapita chini ya bodi, na skrini ikaandika muda wake kwa maandishi makubwa.

Duka lililipuka. Waya alirusha bisibisi juu akasahau kuidaka. Mwalimu Klachi alikuwa akipiga kelele kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, kwa kukaa naye benchi moja. Bi Pindo alisimama juu ya kiti, peku, mikono hewani.

Gia Kubwa alipiga makofi matatu, kisha akatafuta kofia yake.

— Unakwenda wapi, kaka? Bi Pindo akamuuliza akishuka.

— Nyumbani. Kichezeo kizuri. Kwaherini.

— Kaa kwanza.

— Nikae nifanye nini? Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hawakuizoea ikiwa chini. Ile kona nilikuwa siioni ikija. Naiona ikishafika. Jicho moja halijui umbali. Daktari alisema kweli, basi. Nilidhani labda hapa…

Waya alitazama nyaya.

Bi Pindo aliinua sindano yake, akachukua uzi.

— Mimi nikitunga uzi nafanyaje? Tazama.

Akafumba jicho moja, uzi ukapita.

— Hicho kioo ni bapa kama ubao wa kukatia vitambaa, akasema. Hakuna mbali wala karibu humo. Mimi kwa macho yangu mawili sikuuona huo umbali wako. Nilihesabu mabango. Kuna bango la mita mia kabla ya kona, kuna la hamsini. Kwenye la mia naachia mafuta. Wewe miaka yote hiyo hukuhesabu nguzo njiani?

Gia Kubwa alikuwa amehesabu nguzo, milima na matuta kwenye njia sita, gizani na kwenye mvua, na angeweza kuzitaja mpaka leo.

— Weka hicho cheupe, akamwambia Waya.

— Na chaki?

— Na chaki.

Akavua ndala. Akasogeza kiti mbele mpaka magoti yakakunjika kidogo, akajaribu breki akagundua kwamba haitaki teke, inataka kusukumwa na kuachiwa kidogo kidogo. Taa zikazima. Bango la mia likapita, akaachia. Hamsini, breki. Gari likatulia mikononi mwake, zito, tulivu, na kupitia usukani akazisikia tairi za mbele zikiuma lami.

— Ee! akasema, kama mtu aliyeguswa bega.

Kwenye kona ya tatu akafanya jambo lililomfanya Bi Pindo apige yowe. Kona ilikwenda kushoto, yeye akaenda kulia.

— Anapotea! Anarudi majanini!

— Subiri, akasema Gia Kubwa. Ukiwa na tela huingii kona kwa ndani. Unakwenda nje kwanza, unaipa nafasi, ndipo unaikata.

Akaikata. Gari likapita karibu kabisa na ukingo wa ndani, likafunguka nje kwa mbio ambazo Bi Pindo hakuzifikia popote. Waya akaanza kuruka.

— Hiyo ndiyo njia yenyewe! Hivyohivyo ndivyo wanavyofanya wanaojua! Tazameni, ameiacha chaki ya wanaoanza!

— Nilisema mimi, kuna tela! akalia Mwalimu Klachi. Nilisema!

— Nilisema mimi! akalia Waya.

Alipovuka mstari alikuwa amempita Bi Pindo kwa sekunde kumi na moja. Gia Kubwa aliachia usukani akatoa mlio wa honi kwa mdomo wake mwenyewe, mrefu, wa lori zima, mpaka watu wawili barabarani wakaruka pembeni. Bi Pindo akampiga mgongoni kwa shati. Wakadai mzunguko mwingine, na mwingine, na katikati ya wa nne, wakiwa wote wanapiga kelele za kona kwa pamoja, hakuna aliyeona kwamba mlangoni amesimama mwanamke mfupi mwenye kapu la sokoni. Alikuwa mke wa Gia Kubwa.

— Nimewasikia tangu kule kwa kinyozi, akasema. Nilidhani mnapigana.

Wakamweleza wote kwa mara moja: kiti kilivyokimbia, chaki, tela lisiloonekana, sekunde kumi na moja. Hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye bado alikuwa katikati ya kona, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, mabega yameshuka, mikono inateleza juu ya usukani bila haraka.

— Kumbe ndivyo unavyokuwa, akasema.

— Ninavyokuwaje? Gia Kubwa akauliza bila kugeuka.

— Ukiendesha. Sijawahi kukuona.

Gari likavuka mstari, likaendelea polepole peke yake. Gia Kubwa aligeuka.

— Hujawahi?

— Lini? Kampuni ilikataza abiria. Ulikuwa unaondoka nimelala, unarudi kwa miguu. Mimi nilikuwa napokea nguo chafu tu.

Akatua kapu. Akaisogelea skrini, akainama, akachungulia ndani ya lile gari dogo jeupe. Kulikuwa na usukani, mabomba ya chuma, na kiti kimoja.

— Sasa hapa, akauliza, mimi nakaa wapi?

Waya akapitisha orodha ya magari, jekundu, la bluu, la manjano, lile lenye mabawa, mpaka mwisho wa orodha, akarudi mwanzo. Bi Pindo alikuwa na kifungo mkononi na hakujua akitie wapi.

Gia Kubwa alijisogeza pembeni ya kiti cha mbao mpaka nusu yake ikabaki hewani, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili. Mkewe akakaa, bega kwa bega, kapu mapajani.

— Nishike wapi?

— Popote. Ila si usukani.

Akamshika mkono juu ya kiwiko. Taa nyekundu zikawaka, moja, mbili, tatu. Zikazima, wakaondoka.