Karte ya Tate

Kamyo, lori la mizigo na abiria kutoka Mahagi, ilikuwa imeshapita Djugu, na mama aliyeketi juu ya gunia la mihogo karibu na karani Ucircan alikuwa hajamaliza hasira yake.

"Ndugu yangu Gaspard aliniandikia toka Tororo, ng'ambo ya mpaka," alisema. "'Domitille, njoo mbio, niko mugonjwa sana.' Nikapanda treni kule Pakwach, miye peke yangu. Kufika Lira, polisi wa kule akasoma barua, akasoma karte yangu ya kitambulisho. Barua inasema Domitille. Karte inasema Anyolitho, jina la tate, mama ya mama yangu. Akasema barua nimeiba. Balinishusha, balinifunga siku tatu. Kufika Tororo, Gaspard balishamuzika."

Karani alijikuna shingo. Serikali ilipokataza majina ya ubatizo, ndiye aliyekaa mezani pale Mahagi akiyafuta kwenye karte na kuandika ya mababu.

"Sheria ni sheria, mama. Jina la wazungu lilikuwa la nini?"

"La kuitiwa na ndugu yangu."

"Ungemweleza polisi."

"Nilimweleza. Akacheka, akauliza ni inchi gani inafuta watu majina."

Abiria wengine wakaanza kutazama milima kwa bidii, kama watu wasio na masikio.

Mama akamtupia karte magotini. "Soma weye mwenyewe, Papa."

Karani akasoma. Ile A yenye mkia mrefu ilikuwa ya mkono wake.

Kamyo ikasimama kwenye bariere ya Bunia, kizuizini ambapo askari alikuwa akikagua karte na kuita majina. Mama akanyoosha kiganja.

"Lete, Papa. Askari anamungoja tate."