Aliyesimama Mbele ya Shuka

Ndugu waombolezaji, jamaa mlioteremka kutoka Kibumba na majirani wetu wa Murara, familia inawasomea maisha ya Léonie Mukakalisa, kwa kadiri tulivyoyajua.

Léonie alizaliwa Kibumba tarehe 3 Mei 1928, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Nsanzimana na mama Nyirakamana, ambaye mnamwona ameketi karibu na jeneza. Alisoma kwa masista kuanzia 1937 hadi 1943, akajifunza kusoma na kushona, na kusema mbele za watu hakuhitaji kufundishwa, aliyewahi kubishana naye anajua. Tarehe 12 Julai 1947 alifunga ndoa na Julien Ndayambaje, dereva wa misheni, wakajaliwa Henriette mwaka 1948 na Adalbert mwaka 1951.

Mwaka 1953 mapadri walitafuta mwigizaji wa filamu fupi, juu ya mke mjamzito ambaye mumewe anamkataza kwenda maternité, hospitali ya kujifungulia, mpaka anafia nyumbani, na wanawake wote waliogopa kujifanya wafu, isipokuwa Léonie. Filamu ilipoonyeshwa Kibumba, tarehe 20 Septemba, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani mwa kanisa, mama Nyirakamana, ambaye hakuwahi kuona sinema, alimwona mwanawe akikata roho, akaangua kilio, na kijiji kizima kikalia naye, ikabidi Léonie atoke nyuma ya mashine ya sinema, asimame mbele ya shuka na kusema: "Mama, niko muzima. Ni ule mwanamuke wa filme ndiye alikufa, juu bwana yake alimukatalia njia. Wamama, musingojee ruhusa ya mutu."

Tangu siku hiyo, kila gari la sinema la misheni lilipopeleka filamu hiyo, Rutshuru hata Masisi, watu hawakukubali kutawanyika kabla hajasimama, na huko kusimama ndiko kukawa kazi yake, wanaume wakanung'unika kwamba anawaharibia wake zao, Julien akachekwa sokoni, naye akaendelea kumwendeshea gari. Mwaka 1956 alikabidhiwa kamera, akatengeneza filamu yake mwenyewe, ya mke anayejiendea maternité kwa miguu na kurudi na mtoto mgongoni. Picha zilitikisika kidogo, jambo ambalo hakupenda kukumbushwa. Hiyo mama yake aliitazama kila ilipopita, ile ya kwanza hakutaka kuiona tena.

Februari 1959 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hapa Goma, akaaga dunia tarehe 11 Agosti, alfajiri. Julien alipopeleka habari Kibumba, mama Nyirakamana hakulia, alisema tu: "Tungojee kwanza, atasimama," na mpaka sasa hajatoa chozi, jambo linalotuuma sana.

Tunawashukuru waganga, wauguzi wa maternité waliomwosha, majirani waliotupikia, na wenzake wa gari la sinema, ambao wametuletea shuka ileile tuliyofunikia jeneza.

Mama Nyirakamana, safari hii hatasimama. Lia, mama, tuko nawe.

Nawe Léonie, pumzika, kwa amani.