Msinidanganye Kwamba Nitapona

Delbert, zima hiyo redio, nawe Verna vuta kiti, wanangu, maana pumzi yangu ni ya kuazima na sitarudia. Nikifa, karakana ya matrekta ni ya Delbert, nyumba hii ni ya Verna, na asiyeridhika anune sasa hivi nikimwona. Wakulima wote wa hapa Kansas nimewaambia kweli tupu: injini yako imekufa, au haijafa.

Niliacha shule darasa la nne. Miaka baadaye, mvua ya mawe ilipolaza ngano na karakana ikafungwa, kila asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikasema, “Mungu yu nami, naweza,” na haki ya Mungu, niliweza. Hilo silikani hata leo.

Lakini dawa hiyo ya maneno nikaigeuza sheria. Aliyetamka neno baya humu ndani nilimtoa barazani, aingie upya na neno jema. Ninyi mkafanya mchezo: “Baba, hainyeshi, mbingu zinaoga tu!” Kisha mama yenu Lorene akaniambia, “Mume wangu, nina uvimbe kifuani.” Nikafoka, “Toka, uingie upya!” Theluji ilikuwa ya kufika magotini. Akatoka, akarudi akitabasamu: “Mimi mzima.” Hakulitaja tena hadi aliposhindwa kuamka. Mficha maradhi kifo humwumbua, ila hapa niliyeficha ni mimi, akafa yeye. Verna, uliniambia makaburini, “Umemwacha afe peke yake, nawe umelala ubavuni pake,” nikakufukuza, ukakaa mbali miaka tisa. Ulisema kweli. Nisamehe.

Sasa zamu yangu. Mwezi mzima mnaingia humu na nyuso za sikukuu: “Mzee, wakati wa mavuno utakuwa juu ya trekta!” Mchungaji naye hivyo hivyo. Niliwafundisha mwenyewe, na mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Chumba kimejaa watu, nami sina mwenzangu.

Shikeni hili: tumaini ni mkono wa kumwinua mtu, si wa kumziba mdomo. Ombeni, neneni mema, lakini anayeumia mpokeeni alivyo. Nizikeni kando ya Lorene. Mungu awape moyo mkunjufu… na masikio.

Nimechoka. Mmoja wenu aniambie basi… niambieni ninakufa… Nani? Verna? Sema tena, binti yangu… Ndiyo. Ndiyo, ninakufa. Asante. Delbert, sogea nawe… Lieni, wanangu… nami nilie nanyi kidogo.