Zulia la Siku Nne

Ukitoka geti la mashariki la viwanja vya maonyesho, pale tramu zinapogeukia, utakutana na kibanda cha Hannelore, na mbele yake benchi ambalo lina wenyewe. Asubuhi hiyo ya Novemba wenyewe walikuwa watatu. Alikuwepo Eckhard, waliyemwita Umeme, maana alitundika taa za kumbi zote mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwepo Zdravko, yaani Kontena, dereva wa lori aliyekuwa akileta mabanda ya waonyeshaji kutoka nusu ya Ulaya, na ambaye hajawahi kuamini neno la mtu aliyevaa tai. Katikati yao alikaa Detlef, Mzee wa Zulia, na hakuwa na hamu ya kuongea na mtu. Siku hiyo maonyesho ya vifaa vya bafuni yalifunguliwa bila zulia kwenye njia za kumbi, mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kulitandika akiwa bado na nywele kichwani. Alfajiri alikuwa ameamka kwa mazoea, akavaa pedi zake za magoti, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka.

– Kunywa hiyo kahawa, Hannelore alimwambia kutoka dirishani. Umekaa kama umefiwa.

– Nimechoka tu, mama.

– Umechoka na nini, na leo hukufanya kazi? aliuliza Umeme.

– Ndiyo hiyo inayochosha.

Kontena alipuliza kikombe chake.

– Kwani yule dada wa ofisi ya mazingira alikwambiaje hasa? Maana juzi uliondoka umenuna, hatukusikia vizuri.

– Bi Ostermeier? Alisema zulia linatandikwa, linakanyagwa siku nne, linang'olewa, linachomwa moto. Kwamba ni aibu. Kwamba kuanzia sasa watu watatembea juu ya zege. Halafu akasema wanajali na watu pia, si mazingira peke yake, kwa hiyo mimi sitaachwa.

– Hutaachwa kivipi?

– Nitavaa reflekta ya kijani, nisimame kwenye mapipa ya taka. Mgeni akija na kikombe, namwonyesha kinakwenda pipa lipi.

– Na kinakwenda lipi? aliuliza Hannelore.

– Sijui. Kuna mafunzo. Kikombe ni karatasi, ndani kina plastiki, kifuniko kimetengenezwa kwa mahindi.

– Kifuniko cha mahindi?

– Ndivyo wanavyosema.

– Si wakile basi, Kontena alisema. Na jibu wanalitaka lini?

– Leo, kabla ofisi hazijafungwa. Nikikataa nitapewa mkono wa kwaheri na shada la maua.

Tramu iliteremsha watu wenye vitambulisho shingoni, wakapita kuelekea getini bila kuangalia benchi.

– Mimi nawaambia mnachezewa, Kontena alianza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha sema maneno hayo mara nyingi. Hapo hamna cha mazingira. Wanataka kuuza lile zege. Kila hatua mbili, tangazo. Utakuwa unamkanyaga usoni mwenye kiwanda cha masinki, na yeye kalipia akanyagwe.

– Hapana, Umeme alisema. Hujui kitu. Wameweka mitambo chini ya sakafu. Mtu akikanyaga, umeme unatoka. Zulia lilikuwa linazuia.

– Nani kakwambia?

– Mbona taa za ukumbi wa sita zinawaka mchana kutwa? Umeme wa bure huo.

– Ndo maana bia ya bure wameiweka ukumbi wa mwisho kabisa, ili watu watembee?

– Sasa umeanza kuelewa. Na mwakani hawatawaruhusu wageni waende nyumbani. Kuja na kurudi kunachafua hewa. Watawafungia humo humo, watumike tena. Leo bafuni, wiki ijayo maonyesho ya farasi, wageni wale wale.

– Watalala wapi?

– Si kuna mabafu yote yale. Mtu na beseni lake la kuogea.

Hannelore alicheka puani, kisha akaacha.

– Mwisho wake, Kontena alisema, watafuta maonyesho yote. Safi kuliko yote ni yale yasiyofanyika. Watapewa tuzo, wataitundika ukutani kwenye ukumbi mtupu.

– Na mimi nimuuzie nani kahawa?

– Utapewa reflekta, mama.

Detlef aliwasikia wote kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Siku nyingine angechangia, na uongo wake huwa mzuri kuliko wao wote. Lakini kilichokuwa kinamuuma hakikuwa cha kutaniwa, kwa sababu Bi Ostermeier alikuwa amesema kweli. Ni yeye mwenyewe, kila mwisho wa maonyesho, aliyelivuta lile zulia kutoka sakafuni na kulikunja na kulitupa kwenye kontena la taka likiwa zima. Mabaki aliwagawia wenye vibustani vya kukodi nyuma ya reli, na yeye akiwa mmoja wao, wakayafukia chini ya njia ili magugu yasiote. Kila kibustani kilikuwa na rangi ya maonyesho yake. Halafu majira ya machipuko kamati ya vibustani ikaja kukagua, ikakuta nyuzi za plastiki zimejisokota kwenye karoti, ikaamuru lifukuliwe lote. Alilifukua kwa magoti yale yale aliyolitandikia, na alijisikia mjinga, na bado anajisikia hivyo.

– Mbona kimya? Umeme alimgusa bega. Wewe unasemaje?

– Nasema yule dada yuko sahihi.

– Kha. Basi si uchukue hiyo reflekta, ufunge mwaka.

– Ningeichukua. Ila kitu kimoja. Nataka kumsikia mtu mmoja tu atoke mle ndani aseme, jamani, pamekuwaje humu, mbona kama gereji. Akisema hivyo nitasimama kwenye mapipa yao mpaka nistaafu, wala sitalalamika.

– Watasema, Kontena alimhakikishia. Subiri tu. Watu hawawezi kuvumilia zege.

Mama mmoja alitoka getini akitembea kwa shida, begi la sampuli mkononi. Aliagiza kahawa, akatazama benchi, na Umeme akasogea. Kitambulisho chake kilisema Bodil, kutoka Odense, kampuni ya mabomba ya maji. Alikaa, akavua kiatu kimoja, akashika unyayo.

Kontena hakungoja.

– Shikamoo dada, pole na kazi. Umeonaje humo ndani leo?

– Kawaida tu.

– Hakuna kilichobadilika?

Bodil alifikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu wa adabu.

– Wamehamisha choo cha ukumbi wa sita?

– Chini, dada. Chini hakuna kilichopungua?

– Chini wapi?

– Sakafuni, Detlef alisema mwenyewe, taratibu. Palikuwa na zulia.

– Aa. Mimi nakuja kila mwaka, huwa sitazami chini. Lilikuwa zuri?

– Mimi ndiye niliyekuwa nalitandika.

– Samahani, alisema, na ilionekana kweli amesikitika. Na miguu yangu huwa inauma vile vile, kwa hiyo nisingejua. Lilikuwa la kazi gani?

Umeme alimtazama Kontena. Kontena alitazama reli. Hannelore aliacha kufuta meza ya dirishani, akasubiri.

Detlef alifungua mdomo. Alijua manyoya ya zulia yalazwe kuelekea ndani, ili mtu akisimama mlangoni rangi imjae macho. Alijua namna ya kukata maungio yasionekane, na namna ya kuibandua ile nailoni ya juu ya kukinga vumbi asubuhi ya kufungua, polepole, kabla mgeni wa kwanza hajakanyaga. Hakuna hata kimoja kilichokuwa jibu.

– Mara nyingi lilikuwa jekundu, alisema.

Bodil alitikisa kichwa kwa heshima, akavaa kiatu, akarudi kazini.