Picha Ambazo Geoffrey Kituku Hakurudisha

Bwana asifiwe, wapendwa, na tumshukuru kwa kutukusanya hapa chini ya mlima wa Ndara, hata wale mliotoka Taveta na kibaridi cha alfajiri. Mimi ni Titus Ndulu, ndugu mdogo wa marehemu na mzee wa kanisa, na familia imenituma nisome historia ya ndugu yangu, ingawa kusoma kwangu ni kwa darasa la saba na miwani hii nimeazima kwa shemeji. Kabla sijaanza, naomba kila aliye na programu mkononi atafute kalamu, kwa maana imekosewa mahali pawili, mahali pa kwanza najua jinsi ya kuparekebisha, na pale pa pili, Mungu ni shahidi wangu, nimepaombea wiki nzima na hata nilipoinuka kwenye kiti pale sikuwa na uhakika nitasema nini.

Marehemu Geoffrey Kituku Ndulu alizaliwa Mwatate, katika nyumba za wafanyakazi wa mkonge, akiwa kifungua mimba wa mzee wetu Ndulu na mama yetu Koki, wote wametangulia mbele za haki. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1960, lakini mama alituambia siku zote kwamba alimzaa wakati wa mafuriko makubwa, maji yakipita chini ya kitanda, na mafuriko hayo watu wanayaweka mwishoni mwa mwaka wa 1961, kwa hiyo leo tunazika mtu wa miaka sitini na tano au sitini na tatu, sisi wenyewe hatujui. Yeye hakusumbuka na jambo hilo, alisema karani aliona foleni ni ndefu akaandika tarehe iliyo karibu.

Alianza shule ya msingi Mwatate mwaka wa 1969, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili mwaka wa 1977, baba alipougua, akarudi nyumbani kusaidia. Tarehe 5 Mei 1981 aliajiriwa kama fundi wa mabomba ya maji hapa Voi, kazi aliyoifanya hadi kustaafu tarehe 1 Januari 2020, tarehe hiyo tena, na katika miaka hiyo alitembea kwa miguu akifuata bomba kutoka Voi kwenda Maungu, na kutoka Voi kupanda Mwatate, akitafuta mahali linapovuja. Nadhani hapo ndipo ugonjwa wa kutembea ulimwingia, kwa sababu hata siku ya mapumziko alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti, ataamka, atafunga kamba za viatu, atamwambia shemeji, "Mama Alex, naenda tu hapo," na hapo penyewe ni Kasigau.

Tarehe 12 Disemba 1987 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Alice Wakesho, binti wa kutoka juu milimani, katika kanisa letu la Mwatate, na Bwana akawabariki wakaishi pamoja miaka thelathini na saba bila kutengana. Baada ya ndoa inafuata sehemu ya watoto, na programu imeandika kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, Alexander. Majirani wote mnajua kwamba watoto ni wawili, na nawaona mnavyotazamana. Hapa naomba niruke kidogo, nitarudi, msinione nimepotea ingawa kweli nimepotea.

Ni lazima sasa niseme habari za kamera, maana mtu akisoma maisha ya Geoffrey bila kamera amesoma ya mtu mwingine. Mwaka wa 2006 alirudi kutoka Mombasa na kamera ndogo ya rangi ya fedha, ya kutumia betri kama za tochi, na tangu hapo kila Jumamosi, na kila likizo, alitoka, mara Sagalla, mara Vuria kwenye ukungu, mara Ziwa Jipe, mara soko la Mwatate tu hapo. Alibeba chai kwenye themosi na viazi vitamu kwenye mfuko, na miaka mingi aliyebeba mfuko huo alikuwa binti yake Shanice, tangu akiwa wa kushikwa mkono. Mimi nilikwenda naye mara chache nikalalamika kwa miguu, akaniambia, "Titus, wewe utaingia mbinguni kwa kubebwa."

Alikuwa na sheria moja, na hii naomba muishike kwa sababu nitaihitaji mbele. Alisema picha ya mtu ni ya mtu, ukimpiga lazima umrudishie. Akimpiga mama anayeuza ndizi Taveta, atakuja kuisafisha kwa Kavinya mwenye studio hapa Voi, na safari nyingine ataipeleka mpaka kwenye meza ile ile, hata kama ni mwaka umepita. Akina mama wa Mwatate walimtania wakimwona tu, "Mzee wa picha, ile yangu umeila?" naye anatoa bahasha mfukoni, anasema, "Nimeila nusu, hiki hapa kichwa." Mchungaji wa mbuzi huko juu Ndara, ambaye marehemu hakujua jina lake, alitafutwa miezi mingi mpaka akapewa picha yake, akaicheka, akasema mbuzi wametoka vizuri kuliko yeye.

Sasa kosa la kwanza, ambalo ni langu. Kamera ile ikibadilishwa betri inasahau siku, inarudi tarehe 1 Januari 2006, na marehemu alikataa kuirekebisha, alisema, "Tarehe ni za ofisini, mimi niko matembezini," na akasema yeye na kamera yake walizaliwa siku moja. Mimi sikuwahi kuelewa maneno hayo, nilidhani ni mzaha tu. Familia ilipoamua kwamba safari zake zitiwe kwenye historia pamoja na tarehe, nilichukua picha, nikasoma tarehe zilizo pembeni, nikamsomea mpwa wetu Nzioka akaandika, naye ni kijana mwenye heshima, hakuniuliza kitu. Ndiyo sababu ukurasa wa tatu unasema kwamba tarehe 1 Januari 2006 marehemu alitembelea Ziwa Jipe, Ziwa Chala, Kasigau, Vuria, Sagalla na Malindi, na jioni akahudhuria ubatizo. Naomba mpitishe mstari hapo, na mnisamehe, na wale wanaocheka chini ya hema wacheke, hata yeye angecheka.

Programu ilipokwisha kuchapishwa siku ya Jumatatu tuliketi, shemeji, Alexander na mimi, na jirani yetu Wanza, tukimwaga picha mezani ili tuzipange upya. Hapa reli mpya haijajengwa, basi ni kabla ya 2014, hapa nguzo zimesimama, hapa shemeji bado ana jino la mbele, hapa bwawa la Ndara limekauka na ng'ombe wamelala, basi ni ule ukame wa 2022. Nilifurahi, nikaona Mungu ametusaidia, mpaka tulipofika kwenye picha za rundo moja ambazo hatukuweza kuziweka popote. Zilikuwa ndani ya begi la kamera, zimeshasafishwa kwa Kavinya, zimefungwa kwa mpira. Zote ni za mahali pamoja, zimepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, unaona pikipiki zikipita katikati, na upande ule mwingine kuna saluni ndogo ya mabati, mwanamke amempa kamera mgongo akisuka nywele, na mtoto. Katika moja mtoto amefungwa mgongoni kwa leso, katika nyingine amesimama na beseni la manjano kichwani kama kofia, katika nyingine ana sweta jekundu la shule ya chekechea. Shemeji alisema marehemu hakumwambia habari za saluni, ila mara nyingi aliaga kwamba anakwenda Chala kupiga ziwa. Tulitafuta ziwa katika picha zile, hakuna ziwa.

Hapo inabidi nirudi nilikoruka. Marehemu na shemeji walibarikiwa watoto wawili, Alexander, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1990, na Shanice, aliyezaliwa tarehe 23 Aprili 1998. Krismasi ya 2020 Shanice alikuja nyumbani kutoka chuo cha ualimu akasema hatarudi, anakwenda kuishi Mahoo, kule Taveta, na Kaloki, mkulima wa ndizi, na wazee hawajaja, na mahari haijazungumzwa. Marehemu hakupiga kelele. Alisema, "Basi, mlango ule pale," na Shanice akautumia. Wiki hiyo ndugu yangu aliniita nyuma ya nyumba akaniambia, "Siku yangu ikifika ni wewe utasoma, usimtaje," nami nikasema ndiyo, nikaona ni kumheshimu mkubwa wangu, sikumwomba hata siku moja alifikirie tena, mimi ninayewasimamia ninyi mkiungama. Kwa hiyo nilipomsomea Nzioka jina moja, sikukosea kama nilivyokosea tarehe. Nilifanya nilivyoahidi.

Jumanne Shanice alikuja matangani. Hakuingia nyumbani, aliketi mwisho wa hema na wageni, mtoto amelala mapajani, na hakuna aliyejua kama aitwe ndani au aachwe, kila mtu alinitazama mimi, nami nikatazama chai. Wanza, ambaye Mungu amemnyima subira, alitoka na zile picha akizungusha kwa waombolezaji, akisema, "Jamani, nani anamjua huyu mtoto wa beseni, mbona ana miguu ya Geoffrey kabisa?" Watu wakacheka kidogo. Picha zikafika mwisho wa hema na hazikurudi. Nilipokwenda kuzifuata nilimkuta Shanice amezishika kwa mikono miwili, akaniambia taratibu, "Baba mdogo, huyu ni Abby. Beseni hili lilipasuka Pasaka ya mwaka jana. Hii saluni ni yangu." Abby alizaliwa tarehe 19 Julai 2021, na sisi hapa nyumbani tulikuwa tukisema babu yake hajawahi kumwona.

Wapendwa, mimi si mtu wa kuelewa mambo haraka. Tulizipanga zile picha kwa urefu wa mtoto, na zinaonyesha kwamba ndugu yangu alikwenda Taveta mara nyingi, miaka mitatu, akakaa upande huu wa barabara, barabara ambayo hata kuku anaivuka, na akarudi. Nilimwendea Kavinya studioni nikamuuliza kama alisema chochote, akasema, "Nilimuuliza, mzee, huyu katoto ni ka nani, akaniambia, ni wangu, lakini bado hatujasalimiana." Akamwambia pia, picha hizi usinipe bahasha, nitazipeleka mwenyewe. Kwa nini alimwambia Kavinya na hakuniambia mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, sijui. Kwa nini hakuvuka, sijui. Shemeji anadhani alingoja binti ageuke amwone, Alexander anadhani aliona haya, na Shanice hajasema anadhani nini.

Mwezi wa Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu, akatibiwa hapa Voi kwa ugonjwa wa figo, baadaye akawa anakwenda Mombasa kusafishwa damu. Hakutoka tena na kamera, ila alipenda iwekwe dirishani. Jumamosi moja ya Agosti alimwuliza shemeji kama magari ya Taveta bado yanaondoka asubuhi, shemeji akamwambia, "Ukipata nafuu tutakwenda." Tarehe 10 Septemba 2025, siku ya Jumatano, saa kumi alasiri, Bwana alimwita akiwa hospitalini, shemeji akimshika mkono.

Nimebaki na maneno mawili ya ndugu yangu, na hayapatani. Moja alinipa nyuma ya nyumba siku ya hasira, na lingine alilishika miaka karibu ishirini, kwa muuza ndizi na kwa mchungaji wa mbuzi, kwamba picha ya mtu ni ya mtu, lazima umrudishie. Nikitii la kwanza na nimekosea, nitajibu mbele za Mungu, na nikilivunja na nimekosea, nitajibu vile vile. Basi nimeamua kukosea upande huu. Chukueni kalamu, ukurasa wa pili, baada ya Alexander andikeni Shanice, na chini yake, mjukuu, Abby. Mpiga picha, baadaye kaburini ukiita watoto wa marehemu, usibonyeze mpaka wawe wawili. Na wewe mwanangu Shanice, toka huko mwisho wa hema, pita hapa katikati na mtoto, watu watakupisha, uje uchukue picha zenu. Baba yako alikuwa hajazirudisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi na Mombasa waliomhudumia bila kuchoka, mafundi wenzake wa maji waliochimba kaburi hili kwenye mawe, majirani wa Ndara kwa kuni, maji na kukesha, Kavinya kwa kusema aliyoyajua, Wanza kwa kukosa subira, na ninyi nyote. Yeyote aliyepigwa picha na marehemu na hajapewa yake, aje mezani kwa Alexander, zipo.

Ndugu yangu Kituku, sikukuelewa nilipotembea na wewe na sijakuelewa leo, lakini barabara ile imevukwa, wamekuja wao. Lala salama mikononi mwa Bwana. Amina.